Uji wa Mama Mafuru na Kijiwe cha Asilimia

Ninyi mlioajiriwa juzi kwenye vitengo vya afya ya akili, ambao bado mnanyoosha sare kila asubuhi na kuweka kalamu tatu mfukoni, mimi ile sare nimeshaivua. Nalima mtama na mihogo kijijini Buswahili, na magoti yananikumbusha kila korido niliyopita. Lakini nimeona nisikae na jambo hili bila kulisema, kwanza kwa sababu halimo kwenye madaftari yenu ya chuo, na pili kwa sababu kosa lililomo ndani yake ni langu mwenyewe. Sehemu kubwa ya maisha yangu nilikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili pale Musoma, na kliniki za kutembelea nilizifuata Bunda na Butiama mpaka makonda wa mabasi wakawa wananiwekea siti.

Miaka yangu ya mwanzo kazi ilikuwa ubishi mtupu. Mgonjwa anasema redio inamtaja jina, mimi nasema haikutaji. Anasema jirani anamfuatilia, mimi nasema jirani hana muda na wewe. Tena nasema kwa sauti, maana niliamini mwenye sauti kubwa ndiye mwenye ukweli. Mwisho mgonjwa ananyamaza, na mimi naandika kwenye faili: ametulia. Hakuwa ametulia hata kidogo. Alikuwa amenichoka, na mawazo yake aliondoka nayo vilevile alivyokuja nayo.

Ndipo akaletwa Dokta Meshaki. Huyu hakuwa dokta wa sindano, alikuwa mwanasaikolojia, kijana mdogo kuliko kitindamimba wangu, na viatu vyake vilichongoka mbele mpaka nikavionea huruma vidole vyake. Alikuja na mafunzo ya kikundi kwa watu wenye skizofrenia, akayaita mafunzo ya kufikiri juu ya kufikiri kwetu. Akasema dawa zinaendelea palepale, haya ni ya kuzisaidia. Hatutamwambia mtu kwamba wazo lake ni la uongo. Tutamwonyesha jinsi akili ya binadamu yeyote inavyokimbilia jibu kabla haijaona vya kutosha, na jinsi inavyoling'ang'ania likishapatikana. Akizizoea mbio hizo kwenye vitu vidogo visivyomuuma, ataanza kuzitambua kwenye vile vinavyomuuma.

Nilimwambia, "Baba, hawa watu wangu wengine wiki nzima hawajalala vizuri, wewe unataka wafikirie kufikiri?"

"Ndiyo, mama," akajibu. "Na wewe utakaa nao kwenye kiti, siyo kusimama mlangoni."

Kikao cha kwanza kilikuwa aibu. Alileta projekta na picha kutoka ng'ambo. Ikaja ya mtu amesimama kwenye theluji, na mzee mmoja wa Majita akauliza kwa masikitiko makubwa, "Sasa hiyo nchi yote wamemwagaje unga namna hiyo?" Dokta Meshaki akaanza kueleza theluji ni nini, na kabla hajamaliza umeme ukakatika. Tukabaki tunatazamana. Mimi nilifurahi, nisiwafiche. Nilidhani hadithi imeishia hapo, nirudi kwenye ubishi wangu.

Kijana hakukata tamaa. Kesho yake alinikuta kwenye chumba cha sindano akaniuliza kama najua kuchora. Nilikuwa najua kidogo, tangu shule. Basi tukanunua karatasi za manila na kalamu za wino mnene, nikachora vitu vya kwetu: mashua, chungu cha kupikia, kuku na vifaranga, mama anasonga ugali. Picha tulibandika ukutani na kuifunika kwa khanga yangu, halafu tukawa tunaishusha khanga kidogo kidogo. Kila tukishusha, tunauliza: hiki ni nini, na una uhakika asilimia ngapi? Huruhusiwi kutoa jibu bila asilimia. Wagonjwa wenyewe ndio waliolipatia darasa jina. Waliliita kijiwe cha asilimia.

Siku nyingine nilishusha khanga kidogo, zikaonekana pembe mbili zilizopinda juu ya karatasi. Mmoja akasema mbuzi, arobaini. Mwingine akasema bado hajui, asubiri. Daktari wa zamu alikuwa anapita, akachungulia, akasema kwa sauti ya mwenye haraka, "Ng'ombe huyo, tena dume. Asilimia mia. Mimi nimekulia zizini." Nikaishusha khanga yote. Ilikuwa baiskeli, na zile pembe zilikuwa usukani wake. Walicheka mpaka mmoja akatoka nje kujifuta machozi. Daktari naye alicheka, Mungu ambariki, akavuta kiti akakaa mpaka mwisho. Shikeni hilo kama hamtashika lingine: kwenye darasa hili asichekwe mgonjwa aliyekosea. Achekwe mwenye cheti. Mgonjwa akishaona kwamba hata daktari anakimbilia jibu, ile fedheha ya kuitwa kichaa inampungua, na hapo ndipo anaanza kusikiliza.

Bunda nako tulianzisha kikundi. Kulikuwa na mama mmoja wa Nyamuswa, Nyabise, ambaye kwa miaka aliamini majirani wanakohoa makusudi akipita, kumsimanga. Darasani hatukumwambia wanamsimanga wala hawamsimangi. Tuliuliza tu watu wanakohoa kwa sababu gani. Wenzake wakataja mafua, moshi wa kuni, sigara, kifua, na mwishowe yeye mwenyewe akasema, "Lakini pale kwetu kuna mashine ya kusaga. Vumbi ya unga inatokaga mpaka barabarani." Akaenda, akasimama ng'ambo ya barabara nusu saa, akarudi na habari kwamba watu wanakohoa hata yeye akiwa hapiti. Mimi ningemwambia jambo hilo miaka kumi asingeniamini. Alijiambia mwenyewe, akajiamini.

Sasa niwaeleze habari ya Mafuru, maana ndiye aliyenifanya nichukue kalamu.

Mafuru alitoka Suguti, akikaa na mama yake. Kabla ya ugonjwa alikuwa akivua dagaa visiwani, na ni huko huko visiwani alikougulia. Sauti zilimwamuru aruke, akaruka kutoka kwenye mtumbwi katikati ya ziwa, na wenzake walimvuta kwa nywele. Alipoletwa kwetu alikuwa hali chochote alichopika mtu mwingine, akisema anawekewa kitu. Vidonge alikuwa anavificha shavuni, tukigeuka anavitema. Mama yake alichoka mpaka akakonda kuliko mgonjwa.

Wakati ule, kabla ya Dokta Meshaki, nilikuwa na dawa yangu ya wagonjwa wa namna hiyo. Nilimvuta Mama Mafuru pembeni, nje ya dirisha la famasia, nikamwambia, "Mama, usipigane naye. Visage hivyo vidonge, changanya kwenye uji wake wa asubuhi. Mtengee kikombe chake peke yake, asije akanywa mtoto wa mtu. Na usiache mpaka mimi nikwambie." Alinishika mikono yote miwili akanishukuru. Ushauri huo niliwapa akina mama wengi, na kila mara nilijiona mjanja. Na kweli Mafuru alipata nafuu. Akaanza kula, akaanza kulala, na baadaye akakubali mwenyewe kuchomwa sindano ya kila mwezi. Siku aliyoanza sindano niliandika kwenye faili kwamba vidonge visimame. Mama yake sikumwambia. Nilidhani nimemwambia, au nilidhani angejua tu. Uhakika wangu ulikuwa mia.

Miaka miwili ikapita. Mafuru akawa mwanafunzi bora wa kijiwe, mtu wa kusema "bado, shusha kidogo" wenzake wakiwa wameshapiga kelele. Lakini mikono ilikuwa ikimtetemeka, na asubuhi alikuwa mzito kama mtu aliyebeba gunia. Nikasema ni ugonjwa, na sindano nayo ina mambo yake. Halafu siku moja, tulipofika kwenye zoezi la kila mtu kuleta jambo lake la nyumbani, akanyoosha mkono.

"Mimi uji yangu inakuwaga chungu," akasema. "Ya watu wengine sijui. Yangu ni chungu kila siku."

Nikajisemea, imerudi ile ya kuwekewa kitu. Lakini zoezi ni zoezi, nikachukua chaki. Wenzake wakatoa sababu: unga wa muhogo mchungu ambao haukulowekwa vizuri, sufuria iliyochemshiwa mwarobaini, kinywa kukauka kwa sababu ya sindano. Nikaziandika zote, nikaweka chaki chini.

"Sista, umeacha moja," Mafuru akasema. "Andika kwamba kuna mtu ananiwekea kitu."

Nikaandika, nikamuuliza asilimia.

"Zamani ningesema mia. Leo naipa sitini. Nitaenda kuangalia."

Nilipaswa kumvulia kofia mtu huyo. Badala yake, kikao kilipoisha, nilifungua faili lake nikaandika: hofu ya kuwekewa sumu imerudi, daktari afikirie kuongeza dozi. Niliandika kwa mwandiko mzuri kabisa.

Wiki iliyofuata alikuja mapema, amenyoa, amevaa shati safi. Zamu yake ilipofika alisimama.

"Nimefanya hivi," akasema. "Siku tatu nimeonja uji ya kwenye sufuria kabla mama hajanipa. Haina shida. Halafu naonja ya kwenye kikombe yangu, ile ya bati ya kijani. Ni chungu. Sufuria ni moja, unga ni moja, mdomo ni hii hii. Kwa hiyo sababu ya kwanza naifuta, ya pili naifuta, ya tatu naifuta. Nipo tisini na tano. Na Ijumaa naenda visiwani, kuna mtu ananipa kazi. Huko nitapika mwenyewe."

Aliposema kikombe cha bati cha kijani, nilikumbuka. Mtengee kikombe chake. Yalikuwa maneno yangu, nje ya dirisha la famasia. Mtu huyu alikuwa anapata sindano ya mwezi na juu yake vidonge vya kila asubuhi, dozi mbili, na ile mikono iliyotetemeka ilikuwa inatetemeshwa na mimi. Vidonge vilivyobaki na vile alivyoendelea kuvichukua mama yake kwa kadi ya zamani, hakuna aliyeviulizia, kwa sababu mwenye kuuliza nilikuwa mimi. Na sasa alikuwa anaenda visiwani, kwenye ziwa lile lile, ambako hakuna kliniki wala mtu wa kumkumbusha sindano. Nilijua akienda kwa hasira ya namna hiyo harudi kwetu, na pengine harudi kabisa.

Nilimfuata Dokta Meshaki nikamwambia yote. Nilitegemea anifokee. Aliangalia vile viatu vyake, kisha akasema, "Mama, tunaweza kumwambia mama yake aache kimya kimya. Uji utakuwa mtamu, na Mafuru ataamini aliota."

"Na mimi nitakuwa nimemfundisha asiyaamini macho yake," nikasema.

"Basi kesho nenda Suguti."

Nilifika kwa bodaboda karibu na adhuhuri. Mama Mafuru alikuwa anaanua udaga kwenye mwamba, ile mihogo iliyovundikwa na kukaushwa kwa ajili ya unga. Mafuru alikuwa kibarazani anafunga begi. Nikamsalimu mama, nikamuuliza taratibu kama bado anaweka.

"Nisiweke?" akashtuka. "Sista, si ni wewe uliniambia nisiache mpaka useme? Nilikuwaga nakungoja. Kila nikija kliniki naona labda leo atasema."

Niwaambie ukweli, vijana: hakuna barua ya onyo iliyowahi kunichoma kama sentensi hiyo. Nilimwambia mama akae. Nikamwita Mafuru, nikamwambia nikiwa nimesimama mbele yake, bila kuzunguka.

"Kulikuwa na kitu kwenye uji wako. Ni vidonge vyako vya hospitali vimesagwa. Aliyeagiza ni mimi. Mama yako alinitii. Ulikuwa sahihi, na mimi niliandika kwenye faili kwamba unaumwa."

Aliniangalia. Halafu akaangalia begi lake. Akatoka, akatembea mpaka kwenye ule mwamba wa udaga, akasimama ametugeuzia mgongo. Mama yake akaanza kulia, anajifuta kwa ncha ya khanga, anasema kwa sauti ndogo, "Nimeua mtoto. Nimeua mtoto." Mtu aliyeishi miaka akiambiwa hakuna anayemwekea kitu, leo anaambiwa kipo, na waliokiweka ni wale wawili aliojitahidi kuwaamini. Ningekuwa mimi, begi hilo ningelibeba hapo hapo.

Alirudi. Hakuja kwangu, alikaa kwenye kigoda karibu na mama yake, akaanza kuhesabu kwa vidole kama tulivyokuwa tukifanya kijiweni.

"Mama aliniwekea kwa nini? Moja, anataka nife. Mbili, anataka nisiwe na akili, shamba libaki lake. Tatu, alikuwa anaogopa nitarudi kuruka majini." Akarudi kwenye kidole cha kwanza. "Kama angetaka nife, miaka hii yote ningekuwa nimekufa. Hiyo naipa mbili. Ya shamba naipa tano. Ya tatu..."

Hakuimaliza. Mama yake alikuwa ameficha uso. Mafuru akamgusa bega, akasema, "Mama, ungeniambia tu."

"Ungekunywa?"

"Wakati ule? Hapana," akasema. Na kwa mara ya kwanza siku ile nikaona anataka kucheka.

Kisha akanigeukia. "Sista, siku ile unamwambia mama aweke, wewe ulikuwa na asilimia ngapi?"

"Mia," nikasema.

"Na siku unaandika kwenye faili?"

"Mia."

Akatikisa kichwa polepole. "Wewe ndio ungekaa kwenye kiti ya mbele."

Niliomba msamaha, kwake na kwa mama yake, kwa maneno kamili, siyo yale ya "kulitokea changamoto". Nikavikusanya vidonge vyote, nikamweleza kwamba sindano inatosha na kwamba kutetemeka kutapungua, na kwamba kuanzia leo chochote kinachoingia mwilini mwake ataambiwa yeye kwanza. Faili nililifuta nikaliandika upya, na niliwatafuta wale akina mama wengine mmoja mmoja, niliowakumbuka. Kazi hiyo ilinichukua miezi, na kuna milango niliyofukuzwa.

Lakini siku ile bado haikuwa imeisha. Mama Mafuru aliingia jikoni, akatoka na sufuria ya uji. Akaleta kile kikombe cha kijani, akakisugua kwa majivu mbele yetu, akakisuuza, akamimina. Alijimiminia na yeye kwenye bakuli, akanywa kwanza, akafuta mdomo. Kisha akampa mwanawe kikombe.

Mafuru alikipokea kwa mikono miwili. Akanusa. Akakaa nacho muda mrefu, uji ukaanza kupata utando juu, na hakuna kati yetu aliyemhimiza. Hapo nilielewa kile ambacho yule kijana wa viatu vilivyochongoka alikuwa amenifundisha miaka yote ile nikiwa sisikii. Hatukuwa tunamwondolea mtu hofu. Tulikuwa tunampa nafasi ya kuipima mwenyewe, na kumwachia yeye aamue.

"Mama," Mafuru akasema, "mimi bado naona kama kuna kitu. Naipa thelathini."

"Ni sawa, mwanangu," mama akasema. "Usinywe."

Akakiinua, akanywa mpaka mwisho, akamrudishia amwongeze.